Kurudisha mng'aro wa gari nyumbani: Rangi ni nyembamba kuliko tunavyodhani

Atokaye Tegeta kwenda Bagamoyo, akishapita Bunju na Mapinga, huanza kuupokea upepo wa bahari wenye harufu ya chumvi. Upepo huo ndio uliosukuma majahazi ya mababu zetu, na ndio unaosaidia kukausha maji katika mashamba ya chumvi ya Nunge. Lakini upepo huohuo, ukishirikiana na jua, huila rangi ya magari yetu kidogo kidogo. Gari lililoteremshwa bandarini likimeta, baada ya miaka michache huwa limepauka paa na boneti kama kaniki iliyofuliwa mara nyingi.

Msimu wa kusi uliopita, mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi Bagamoyo, aliniita nyumbani kwake. Baada ya kumwamkia na kujuliana hali, alinionyesha gari lake dogo la rangi ya bluu iliyokoza, lililomtumikia kwa miaka mingi.

"Mpwa wangu," akasema, "hili nataka kuliuza. Mjukuu amepata nafasi ya chuo, na siku za kuripoti zimekaribia. Lakini kila anayekuja kulitazama huanza na paa, akatikisa kichwa, akaondoka."

Fundi wa rangi alikuwa amemtajia bei ya kulipaka upya gari zima, nayo ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayeuza ili apate ada. Ndipo tukaamua kuifanya kazi wenyewe uani, kwa msasa wa maji na polishi. Yaliyotukuta katika siku mbili hizo ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji, kwani kazi hii ina manufaa makubwa kwa familia yenye gari la zamani, na ina mtego wake pia.

Rangi ya gari imejengwaje

Gari lililopakwa rangi kiwandani huwa na matabaka. Juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Kwa kawaida matabaka yote hayo kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama mikroni 40 au 50. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa mikroni 100 hivi. Basi ngao yote inayolinda rangi ya gari lako ni nusu ya unene wa karatasi hiyo.

Klia ndiyo hubeba kinga dhidi ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ni mikali katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu. Miaka inavyopita, uso wa klia huchakaa, ukapata mikwaruzo midogo isiyohesabika, ukapoteza mng'aro. Chumvi ya pwani hutua juu yake na kuvuta unyevu. Na sisi wenyewe, kwa kukimbia jua, huegesha chini ya mwembe au mkorosho, mahali ambapo utomvu hudondoka na kunguru huacha kinyesi. Vyote viwili, vikiachwa juani siku kadhaa, huchimba alama katika klia.

Kazi ya msasa wa maji ni kuondoa sehemu ndogo sana ya juu iliyoharibika ili kuufikia uso ulio mzima chini yake. Kwa hiyo mng'aro unaorudi hautoki bure: tunaununua kwa kupunguza klia, na kinachoondoka hakirudi. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa kila mwaka.

Pima kabla ya kugusa

Kabla ya yote, lowanisha mahali palipopauka. Ikiwa palipolowa panaonekana kama rangi mpya, kisha panafifia maji yanapokauka, aghalabu klia bado ipo na kazi itafaa. Kisha pitisha ukucha pole pole. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa gamba jeupe linalobanduka, klia ya hapo imekwisha. Msasa hautaponya mahali hapo, bali utapanua jeraha. Hapo ni kazi ya fundi wa rangi.

Mikwaruzo nayo hupimwa kwa ukucha. Ule usiokwama unaweza kutoka. Ule unaokwama umeingia ndani sana, na mwenye kuufuata kwa msasa hadi mwisho wake ataitoboa klia.

Vifaa

Neno msasa lenyewe ni la kwetu. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Leo tunatumia karatasi nyeusi isiyoharibiwa na maji, iliyoandikwa namba mgongoni. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo msasa unavyokuwa laini. Kwa klia tulitumia namba 1500, 2000 na 3000. Namba 400 au 600, zinazouzwa kwa wingi kwa ajili ya kusugulia puti, zisikaribie kabisa kazi hii.

Tulikuwa pia na ndoo mbili, sabuni ya maji, kipande cha sponji ngumu cha kukunjia msasa, utepe wa karatasi wa kuzibia kingo, vitambaa laini vya pamba, kopo la kompaundi, polishi na nta. Maji tuliyotumia ni ya bomba. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi, nayo yakikauka juu ya bati huacha madoa meupe.

Hatua za kazi

Kwanza, gari lioshwe vizuri na kusuuzwa, kwani punje moja ya mchanga chini ya msasa huchora mstari utakaokusumbua siku nzima. Msasa nao ulowekwe angalau dakika 15 katika maji yenye matone machache ya sabuni. Maji hulainisha mwendo wa mkono, huchukua unga unaotoka, na huzuia bati lisipate joto. Kazi hii haifanywi kavu wala juani. Sisi tulianza baada ya alfajiri, bati likiwa bado na ubaridi wa usiku, tukaacha jua lilipopanda.

Pili, ziba kingo zote kwa utepe: ncha za milango, mstari wa boneti, mikunjo ya madigadi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na nguvu ya mkono hukusanyika hapo.

Tatu, chukua eneo dogo, kama upana wa viganja viwili. Anza na namba 1500, kwa mkono mwepesi, ukienda mbele na nyuma katika mstari ulionyooka. Mara kumi na tano zatosha kabla ya kufuta na kutazama. Pakiwa na wepesi wa kufifia ulio sawa, bila vidoa vinavyometa hapa na pale, ingia namba 2000 ukivuka mistari ya kwanza, kisha 3000. Kila msasa kazi yake ni kufuta alama za uliotangulia. Ukidondoka chini, uutupe.

Tazama maji yanayotiririka. Maji meupe kama tui ni klia inayosagika, na hilo ni la kawaida. Maji yakianza kuchukua rangi ya gari, simama papo hapo, isipokuwa gari lako ni la zamani lililopakwa rangi ya tabaka moja lisilo na klia.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwenye boneti, utepe ulikuwa umebanduka kwa maji nami sikuurudisha. Nilikuwa nimenogewa na kazi. Nilipofuta, ukingo ulikuwa na mstari wa kijivu, urefu wa kidole: praima. Ilichukua dakika moja tu. Mjomba alipopita akauona, hakunikaripia. Alisema tu, "Sasa umeijua rangi."

Baada ya msasa, uso huwa umefifia mithili ya kioo kilichopulizwa pumzi, na asiyejua huingiwa na hofu. Ni kompaundi inayourudishia uhai. Paka kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kwa mizunguko hadi ukungu uondoke, kisha fuata polishi kwa kitambaa kingine safi. Mwenye mashine ya polishi atamaliza mapema, lakini asiizoee mahali pamoja, kwani joto lake huunguza klia. Sisi tulitumia mikono, na boneti peke yake ilitula asubuhi nzima.

Mwisho ni nta. Wajenzi wa majahazi waliijua siri hii zamani, ndiyo maana walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, chini ya chombo kabla ya kukirudisha majini. Kilichosuguliwa hakiachwi uchi.

Watoto wakae mbali na makopo haya, na maji machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Mlango wa nyuma

Siku ya pili nilikuwa nikisugua kivimbe kidogo chini ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Ghafla rangi ikapasuka, na chini yake ikatokea puti, na nyuma ya puti kutu. Nilipochukua sumaku ndogo na kuipitisha, haikushika kwa upana wa sahani. Mjomba akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma aligongwa hapo na pikipiki, akapeleka gari kwa fundi wa mtaani, na hakuliwaza tena.

Nakiri niliyomshauri. Nilimwambia kopo moja la rangi ya kupuliza litatosha, na kwa mng'aro ule mpya hakuna ambaye angepatazama chini ya mlango.

"Mpwa wangu," akanijibu, "ada ya mtoto isiingie kwa mlango huo."

Kisa cha muuza nafaka aliyeweka iliyo kavu juu na iliyolowa chini, Mtume wetu (s.a.w.) akaingiza mkono ndani ya lundo na kuukuta unyevu, kinajulikana kwa kila aliyepita madrasa. Lakini ni rahisi kukisimulia kuliko kusimama mbele ya mnunuzi ukiwa na haja ya fedha. Siku ile nilielewa mpaka ulipo. Kusafisha bidhaa na kuipendezesha si ghushi. Klia iliyopauka ikisuguliwa, kinachoonekana ni rangi ileile ya gari. Rangi mpya juu ya kutu inayoendelea kula bati ni jambo lingine, kwa sababu kazi yake pekee ni kumzuia mnunuzi asione.

Mnunuzi alipokuja kutoka Bunju, alilizunguka gari akilisifu. Mjomba akamshika mkono, akampeleka kwenye mlango wa nyuma, akainama na kumwonyesha. Kisha akamwonyesha na mstari wangu kwenye boneti. Yule bwana alinyamaza, akapiga hesabu ya fundi, akashusha bei. Mjomba akakubali. Fedha ilipungua ada, na pengo lile tulilichanga ndugu watatu. Mtoto aliripoti chuoni siku ya mwisho, Alhamdulillahi.

Kulinda kilichorudi

Kwa msomaji atakayeifanya kazi hii, jambo kubwa ni kutohitaji kuirudia. Osha gari kila wiki kwa maji yasiyo na chumvi, ukianzia juu na kumalizia chini, na usilifute likiwa kavu na vumbi. Kinyesi cha ndege na utomvu viondolewe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholowa. Nta irudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi, na kabla ya masika chunguza chini ya milango, mahali maji yanapotuama.

Na taa za mbele zilizogeuka njano zifanyiwe msasa huu kwanza, kabla ya boneti. Paa lililopauka halimdhuru mtu, lakini taa hafifu usiku, katika barabara yenye wapita njia na waendesha baiskeli, huweza kuiondoa roho ya mtu.