Rais Huondolewa kwa Kosa Gani?

Tangu Seneti ya Kenya ilipomwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, Oktoba 2024, tunaulizwa: je, Rais naye aweza kuondolewa kwa kuwa maisha yamekuwa magumu?

Kisheria, hapana. Hilo huamuliwa kwa kura. Kifungu cha 145 cha Katiba ya 2010 kinataja sababu tatu tu: kukiuka vibaya Katiba au sheria nyingine, kuwepo sababu nzito za kuamini kuwa ametenda jinai, na utovu mkubwa wa maadili.

Uzito wa kosa ndio msingi. Mahakama za Kenya, katika mashauri ya magavana akiwemo Martin Wambora wa Embu, zilieleza kuwa si kila ukiukaji unatosha. Lazima uwe mzito, na uhusike na mshtakiwa mwenyewe. Gachagua alishtakiwa kwa makosa 11, Seneti ikathibitisha 5. Moja tu lingetosha. Na kwa Rais, hoja huungwa mkono kwanza na thuluthi ya wabunge wote, kisha hupita kwa thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na thuluthi mbili katika Seneti, naye ana haki ya kujitetea.

Maradhi si kosa. Yana Kifungu chake, cha 144, na jopo lenye madaktari watatu.

Imaam Al-Maawardiy (aliyefariki 450H), wa madhehebu ya Shaafi'iy yanayofuatwa pwani yetu, naye alitenganisha mawili hayo: kuharibika kwa uadilifu, na upungufu wa mwili. An-Nawawiy akaeleza kuwa wengi katika Ahlus-Sunnah hawaoni kuwa kiongozi huvuliwa kwa ufasiki peke yake, kwa kuchelea fitna na umwagaji damu. Kwa maoni yetu, kauli hiyo haizuii utaratibu wa bunge. Hapa hakuna upanga, na Rais mwenyewe aliapa kuilinda Katiba yenye kifungu hicho.

Linalotutia hofu ni jingine. Mbunge Muislamu anayepiga kura katika hoja kama hiyo anahukumu mtu. Akifuata amri ya chama bila kusoma ushahidi, amekwenda kinyume na Suuratul-Hujuraat aya ya 6, inayotuamuru kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu. Nasi tunaosambaza tuhuma kwenye simu zetu kabla hazijafika hata bungeni, aya hiyo inatuhusu pia.

Wa-Allaahu A'lam.