Bomba Limepasuka? Funga Maji Kwanza, Pesa Baadaye

Bili ya maji ikija mara mbili ya ile uliyozoea, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni msomaji wa mita. Kuna wakati ni makosa yake kweli. Lakini kuna wakati mita imesoma sawasawa na maji yamepita kweli, ila hayakufika kwa mtungi wala kwa sufuria. Yameishia ardhini au ndani ya ukuta.

Kazi yetu sisi ni malipo ya simu, si mabomba. Tunaandika kuhusu mabomba leo kwa sababu bomba likipasuka, pesa hutoka kwa simu yako mara mbili: kwanza kupitia bili, halafu kupitia malipo ya haraka haraka kwa mtu usiyemjua, wakati maji yanafurika na hakuna nafasi ya kufikiria. Hasara zote mbili zinaweza kupunguzwa ukijua cha kufanya kabla siku hiyo haijafika.

Maji kidogo, pesa nyingi

Yuniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Sasa chukua bomba linalovuja mtungi mmoja kwa saa. Ukilitazama utaona ni maji madogo tu. Lakini kwa siku ni lita 480, na kwa siku 30 ni lita 14,400. Hizo ni yuniti 14 na zaidi ambazo hukutumia na utazilipia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kampuni nyingi za maji hapa Kenya hutoza kwa ngazi: kadiri yuniti zinavyoongezeka ndivyo bei ya kila yuniti inavyopanda. Na kama nyumba yako imeunganishwa na mfereji wa majitaka, ada hiyo kwa kawaida huhesabiwa kutokana na maji yaliyopita kwenye mita. Kwa hivyo maji yaliyonyonywa na udongo unaweza kuyalipia kana kwamba uliyatumia na ukayamwaga.

Dalili za kuangalia

Bomba likipasuka wazi, utaliona. Shida ni lile linalovuja kimyakimya. Angalia haya:

- Rangi ya ukuta inafura au kubanduka, au kuna alama ya unyevu inayozidi kukua hata kama mvua hainyeshi.
- Sehemu moja ya ua ina tope au nyasi za kijani kibichi wakati kwingine kumekauka.
- Usiku, mifereji yote ikiwa imefungwa, unasikia sauti ya maji yakipita.
- Pampu inawaka na kuzima yenyewe na hakuna anayetumia maji.
- Maji yanatoka kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, au yanatoka na udongo.
- Tangi la choo linajaa kila mara. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi hilo, ngoja nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, maji yanavuja hapo.

Mpime mita ashuhudie

Kipimo hiki hakihitaji fundi. Kifanye siku ambayo maji ya kampuni yanakuja, maana mahali penye mgao mita haiwezi kukuambia kitu siku ambayo bomba ni kavu.

1. Funga mifereji yote ndani ya nyumba. Kama una tangi, funga pia valvu ya maji yanayoingia kwenye tangi. Usipofanya hivyo, tangi likiwa linajaa utadhani maji yanavuja.
2. Piga picha ya mita. Nambari nyeusi huonyesha yuniti kamili, nyekundu huonyesha sehemu za yuniti. Mita nyingi pia zina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana.
3. Ngoja saa moja bila mtu yeyote kutumia maji, kisha piga picha ya pili. Nambari zikisonga, maji yanapotea kati ya mita na tangi.
4. Mita ikitulia, geukia tangi. Weka alama kwenye kiwango cha maji kabla ya kulala, valvu ya kuingiza ikiwa bado imefungwa. Asubuhi, kabla mtu hajafungua mfereji, angalia tena. Kiwango kikishuka, uvujaji uko kati ya tangi na nyumba, au tangi lenyewe lina ufa.

Sasa hata fundi akija, unamwambia aanze wapi. Hatabomoa ukuta mzima akitafuta.

Kwa nini yanapasuka?

Huku kwetu si barafu inayopasua mabomba. Mgao wa maji ni sababu moja kubwa. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa yanasukuma upepo uliojaa ndani ya bomba, na msukumo huo hupiga sehemu iliyo dhaifu. Mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu. Yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto huachia kwenye maungio kama fundi hakuyapasha moto vizuri. Bomba la PVC lililoachwa juani miaka mingi hukauka na kuwa rahisi kuvunjika, na lile jeusi lililofukiwa juu juu hupatikana na jembe.

Bomba likipasuka, fuata mpangilio huu

Kwanza, funga maji. Valvu kuu kwa kawaida iko karibu na mita. Lakini kumbuka: kufunga kwenye mita hakuzuii maji ya tangi. Tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa litaendelea kumwagika mpaka liishe. Funga na valvu ya maji yanayotoka kwenye tangi. Kama unaishi kwa ploti au fleti, muulize keateka leo valvu ziko wapi na ufunguo anao nani.

Pili, angalia stima. Zima pampu na shawa ya stima. Maji yakikaribia soketi, zima swichi kuu. Lakini kama itabidi usimame ndani ya maji kuifikia, usiiguse. Watoe watu nje na uite fundi wa stima.

Tatu, fungua mfereji ulio chini zaidi uyakinge maji yaliyobaki kwenye mabomba. Utayahitaji.

Nne, kama ufa ni mdogo, kata kipande kirefu cha mpira wa tyubu ya baiskeli, uvute kwa nguvu huku ukiuzungusha juu ya ufa, kisha ufunge na waya. Hiyo ni ya kukusukuma mpaka fundi afike, si ya mwezi mzima.

Tano, piga picha: bomba lililopasuka, mita, na vitu vilivyoharibika.

Na baada ya kutengeneza, acha maji ya kwanza yamwagike mpaka yawe safi. Bomba lenye ufa linaweza kuvuta uchafu wa nje maji yanapokatika. Kama una shaka, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Sehemu za juu kama Nyahururu au Limuru, fanya dakika tatu.

Nani analipa?

Kwa kawaida bomba lililo kabla ya mita ni la kampuni ya maji, na lililo baada ya mita ni la mwenye nyumba. Likiwa la kampuni, ripoti kwa nambari iliyochapishwa kwenye bili na uandike nambari ya ripoti utakayopewa. Kama wewe ni mpangaji, mjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe ulioandikwa, pamoja na picha. Usitoe pesa yako ukitarajia kuikata kwenye kodi kabla hajakubali kwa maandishi. Neno la simu husahaulika mwisho wa mwezi.

Bili ikiwa imeshakuja kubwa, linganisha nambari iliyo kwenye bili na ile iliyo kwenye mita yako. Zikitofautiana, lalamika kwa kampuni kwa maandishi na uambatishe picha. Usiposaidika, unaweza kupeleka malalamiko kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini.

Kulipa fundi bila kujuta

Maji yakishafungwa, haraka imeisha. Hata nyumba ikiwa imelowa, una nafasi ya kuuliza maswali mawili au matatu kabla ya kuweka PIN.

- Mwambie fundi atenganishe bei ya vifaa na bei ya kazi. Akupe orodha ya vifaa kwa ujumbe.
- Vifaa vilipe wewe mwenyewe moja kwa moja kwenye till ya hadiwea, na uitishe risiti. Hivyo unajua bomba limegharimu ngapi.
- Fundi uliyempata mtandaoni akitaka nauli na nusu ya pesa kabla hujamwona, tafuta mwingine. Uliza majirani au keateka ni nani aliwatengenezea.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukubali malipo. Likiwa si la mtu mliyeongea naye, simama uulize.
- Lipa kazi baada ya kujaribu. Maji yafunguliwe, maungio yakaushwe kwa kitambaa na kutazamwa kwa nusu saa, kisha rudia kipimo cha mita. Kabla ukuta haujapigwa plasta.
- Weka ujumbe wa malipo. Bomba likivuja tena baada ya wiki moja, ndio ushahidi wako.

Jihadhari pia na ujumbe unaosema maji yako yatakatwa leo usipotuma pesa kwa nambari ya mtu binafsi. Bili ya maji lipa kwa paybill iliyochapishwa kwenye bili yako, na uhakikishe nambari ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Ukikosea ukatuma kwa mtu mwingine, wasiliana mara moja na huduma kwa wateja ya mtandao wako wa malipo. Anayekupigia akisema atakurudishia pesa ukimpa PIN ni mwizi. Sisi hatuulizi PIN, hata tukiwa tunakusaidia.

La kufanya leo

Jioni hii kabla ya kulala, fanya mambo matatu. Tafuta valvu kuu na ile ya tangi, ujaribu kama zinafunga. Piga picha ya mita. Na uandike kwenye simu nambari ya fundi mmoja ambaye jirani anamwamini. Yatakuchukua dakika kumi, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.