Saa ya Kula Si ya Bosi

Saa saba mchana pale Kariakoo, muuza duka anakula wali maharage nyuma ya kaunta. Mteja akiingia, sahani inafunikwa, akitoka, inafunuliwa. Muulize kama hupewa mapumziko, atakujibu kuwa anapewa: si anakula?

Hapo ndipo haki inapopotelea. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kutia tonge mdomoni huku unahudumia si mapumziko.

Waajiri wengi wanakijua kifungu hicho nusu. Wanajua kwamba hawalazimiki kulipia saa hiyo, basi wanaiondoa kwenye hesabu ya mshahara. Lakini sheria inaendelea: hawalipi isipokuwa kama mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi, au kuwa tayari kwa kazi, katika muda huo. Mlinzi anayekula ugali getini jicho likiwa barabarani, mhudumu wa mapokezi asiyeruhusiwa kuiacha simu, dereva aliyeambiwa asibanduke garini: wote hao wako kazini, na saa yao ina malipo.

Mwajiri naye hakusahauliwa. Anaweza kumtaka mtu afanye kazi wakati wa mapumziko, ila tu ikiwa kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwenzake wa kuifanya. Duka lenye wauzaji watatu lina kisingizio gani? Wapokezane. Dharura ya kweli ina utaratibu wake, na hakuna anayeipinga.

Kinachoniuma zaidi ni geti linalofungwa mchana ili watu wasitoke. Huwezi kukataa kuilipa saa kisha ukaimiliki. Ni ya mfanyakazi: aende kwa mama ntilie, akaswali, au ajinyooshe chini ya mwembe. Mama anayenyonyesha ana haki nyingine tena, ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mwanawe.

Sheria inamtaka mwajiri abandike tamko la haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Kama kwenu halipo, lidaini. Na anayeendelea kunyimwa asikae kimya mpaka muda ukampita: ana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka kuufikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.