Stadi tano za kutuliza moyo: Somo kutoka makazi ya wakimbizi ya Rhino

Mtu aliyekimbia vita hubeba mizigo miwili: ule wa kichwani, wenye sufuria na blanketi, na ule wa moyoni, ambao hushindwa kuutua hata baada ya kufika mahali salama. Mzigo huo wa pili ndio unaomnyima usingizi, unaomfanya amkaripie mtoto bila sababu, na unaomwacha ameketi mlangoni tangu jua linapochomoza hadi linapozama.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yaliyochapishwa mwaka 2019, takriban mtu mmoja kati ya watano wanaoishi katika maeneo yaliyokumbwa na vita ana tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na sonona hadi maradhi mazito zaidi. Madaktari wa kuwahudumia wote hao hawapo. Ndiyo maana watafiti walijiuliza kama stadi za kukabiliana na msongo wa mawazo zinaweza kufundishwa kwa watu wengi kwa pamoja, na mwalimu asiye daktari.

Mwili unapokataa kutulia

Mwanadamu anapokabiliwa na hatari, ubongo huuamuru mwili kutoa homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hufupika. Hali hiyo ni kinga, kwa kuwa humwezesha mtu kukimbia au kujitetea. Tatizo huanza pale hatari isipokwisha, au inapokwisha lakini mwili ukaendelea kuishi kana kwamba ingalipo. Hapo huja maumivu ya kichwa na tumbo, hasira za ghafla, usahaulifu na fikra zinazozunguka mahali pamoja usiku kucha. Wengi hudhani wamerogwa, au hujilaumu kwamba imani yao ni haba. Kufahamu kwamba hayo ni mwitiko wa kawaida wa mwili kwa mambo yasiyo ya kawaida ni nafuu ya kwanza.

Wanawake 694, vijiji 14

Mwaka 2017, utafiti ulifanyika katika makazi ya Rhino, kaskazini magharibi mwa Uganda, wanakoishi maelfu ya watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013. Wanawake 694 kutoka vijiji 14 walishiriki. Baadhi ya vijiji vilipata mafunzo mapya, na vingine vilipata msaada wa kawaida ulioboreshwa kidogo, ili matokeo yalinganishwe.

Mafunzo yalikuwa na vikao vitano, kila kimoja cha saa mbili hivi. Kundi la wanawake 20 hadi 30 liliketi pamoja na kusikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, lugha wanayoielewa wengi wao. Waongozaji walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kila mshiriki alipewa kitabu cha picha, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hakuachwa nyuma.

Stadi zenyewe

Ya kwanza ni kutia nanga. Fikra zinapochafuka kama bahari ya kusi, mtu hukanyaga ardhi kwa nguvu, huvuta pumzi polepole, kisha hutazama na kusikiliza yaliyo karibu naye: ukuta, mlio wa kuku, joto la kikombe mkononi. Dhoruba haiondoki, ila chombo hakichukuliwi tena na kila wimbi.

Ya pili ni kujinasua. Wazo chungu hufanana na ndoana, na kadiri mtu anavyovutana nalo ndivyo linavyozidi kumchoma. Badala ya kulipiga vita, hulitaja kwa jina lake: "Hili ni wazo la woga," kisha hurudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya.

Ya tatu ni kutenda yale anayoyathamini. Aliyepoteza shamba na nyumba bado anaweza kuwa jirani mwema au mama mpole. Kitendo kidogo cha leo, kama kumsuka binti nywele, humrudishia mtu hisia kwamba maisha yake yana mwelekeo.

Ya nne ni kujihurumia, yaani kusema na nafsi kwa maneno ambayo mtu angemwambia rafiki aliyefiwa. Ya tano ni kuipa huzuni nafasi: kukubali kwamba ipo bila kuifukuza wala kuiachia nyumba nzima.

Matokeo yalionyesha kwamba waliopata mafunzo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi mara tu baada ya vikao. Miezi mitatu baadaye yalikuwa yamepungua, lakini hayakuwa yametoweka. Mwaka 2020, WHO ilikitoa kitabu hicho cha picha kwa ajili ya umma kwa ujumla.

Lugha ya wenyewe

Uganda ilikuwa na uzoefu wa awali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyoathiriwa vibaya na UKIMWI, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji huzuni yao huitwaje. Walijibiwa kwa Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia nafsi, na okwekubazida, kujisikitikia. Matibabu yalijengwa juu ya maneno hayo, kwa makundi yaliyokutana kila wiki kwa wiki 16. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliopangiwa makundi hayo walikuwa na dalili za sonona, na baadaye wakabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata huduma hiyo, bado asilimia 54.7 walikuwa nazo.

Msemaji wa Kiswahili naye husema moyo mzito, roho juu, mawazo mengi. Mhudumu anayeyasikia maneno hayo kwa makini huelewa mapema zaidi anachougua mtu kuliko yule anayesubiri jina la kitabibu.

Mipaka yake

Hakuna anayedai kwamba pumzi ndefu hujaza sufuria. Aprili 2020, mgawo wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na upungufu zaidi ulifuata miaka iliyokuja. Njaa ni chanzo cha dhiki, na tiba yake ni chakula.

Vilevile, anayefikiria kujidhuru, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyeshindwa kula, kulala na kufanya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, anahitaji kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa. Asiachwe peke yake wala asikemewe. Ndugu au jirani anayemsindikiza huko, akaketi naye kwenye foleni, tayari ameanza kumtibu.