Mndimu Unaozama Chunguni: Kutibu na Kuzuia Kuoza kwa Mizizi

Nyumba nyingi za miji yetu ya pwani hazina shamba, lakini ni chache zisizokuwa na mti. Mwenye ua mdogo hupanda mndimu ndani ya debe; mwenye roshani huweka mkomamanga katika ndoo kuukuu; mwingine ana mtini au mlangilangi ndani ya chungu kikubwa cha udongo. Miti hii si pambo tu. Ndimu zake hukamuliwa juu ya samaki na kutiwa katika achari, na maua ya langilangi hufungwa kikuba. Tena mingine ina historia: mmoja aliletwa nao bibi harusi kutoka kwao, na mwingine ndio ukumbusho uliobaki wa mama aliyetangulia mbele ya haki. Ndiyo maana mti kama huo ukianza kunyauka, nyumba nzima huingiwa na simanzi.

Hapo ndipo mara nyingi madhara huzidi. Wa kwanza kuyaona majani yamelegea husema mti una kiu, akaumiminia kata ya maji. Jioni mwingine huuona, naye akaumiminia yake. Kesho yake majani yamelegea zaidi, na maji yakaongezwa. Kumbe mti ule haukuwa na kiu, ulikuwa ukizama. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba mti uliokosa maji na mti uliozidishiwa maji huonyesha uso mmoja. Kwa hiyo tusiliamini jani peke yake. Tuuchunguze udongo kwanza.

Kwa nini mizizi huoza

Mizizi hunywa maji, lakini pia hupumua. Kati ya chembe za udongo mzuri mna vijinafasi vyenye hewa, na humo mizizi hupata oksijeni. Maji yakizijaza nafasi hizo bila kutoka, hewa hufukuzwa. Oksijeni hupenya katika maji polepole mno, kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyopenya katika hewa. Mizizi hudhoofika kwa kukosa pumzi, na ncha zake nyororo ndizo zinazotangulia kufa. Mti usio na ncha hizo hauwezi kunywa, hata ukiwa umesimama ndani ya maji. Hii ndiyo sababu majani hulegea kana kwamba kuna ukame.

Mizizi ikishadhoofika huja adui wa pili. Ni vimelea vinavyofanana na kuvu ambavyo huishi udongoni na kupenda umajimaji. Mbegu zao ndogo zisizoonekana kwa macho zina mikia, nazo huogelea katika maji kutoka mzizi hadi mzizi. Jamii yao moja iliitwa fitofthora mwaka 1876 na mtaalamu wa Kijerumani Anton de Bary, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mharibifu wa mimea. Mmoja wa jamii hiyo ndiye aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Ndugu zake wengine huishambulia mindimu, milimau na michungwa, wakaozesha mizizi na gome la shina pale linapokutana na udongo, hata utomvu ukatoka kama machozi.

Namna ya kuutambua ugonjwa

Mti wenye kiu majani yake hukauka na kukakamaa, udongo hujitenga na kingo za chungu, na chungu chenyewe huwa chepesi ukikiinua. Ukiutia maji, hupata nguvu baada ya saa chache. Mti uliozama majani yake hugeuka manjano, huwa laini, kisha huanguka. Udongo wake ni mbichi, pengine una utelezi wa kijani juu yake, na chungu ni kizito. Ukiinamia tundu la chini utasikia harufu kama ya mtaro uliosimama maji.

Njia rahisi ya kupima ni kijiti cha mshikaki. Kidunge udongoni hadi karibu na kitako cha chungu, kiache kwa dakika kumi, kisha kitoe. Kikitoka kibichi na kimeshikwa na udongo, weka kata chini. Mti huo hauhitaji maji leo.

Tiba

Ikiwa dalili ni chache, acha kutia maji, mwaga yaliyotuama katika kisahani, kiinue chungu juu ya vipande vya matofali, na ukiweke penye upepo na kivuli chepesi. Mti mwingi huokoka kwa hayo tu.

Ikiwa majani yanazidi kuanguka, hapana budi kuutoa mti. Ulaze chungu ubavu, uvute mti taratibu kwa kushika shina lake, ukung'ute udongo, kisha uoshe mizizi kwa maji safi. Mizizi mizima ni migumu kiasi, na rangi yake ni nyeupe au hudhurungi isiyokolea. Iliyooza ni myeusi na laini. Ukiivuta kwa vidole, ganda lake huteleza na kubakisha uzi mwembamba. Ikate yote hadi ufike penye uzima, kwa makasi yaliyopanguswa kwa spiriti, nawe uyapanguse tena baada ya kila mikato michache.

Kisha punguza matawi kwa kadiri ya mizizi uliyoiondoa, mara nyingi theluthi moja, ili mizizi michache iliyobaki isibebe mzigo isiouweza. Udongo wa zamani usiutie katika chungu kingine. Chungu nacho kisafishwe kwa sabuni, kisha kwa kipimo kimoja cha maji ya klorini kilichochanganywa na vipimo tisa vya maji, na kisuuzwe vizuri.

Panda upya katika udongo mwepesi: sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni wenye punje kubwa, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwani chumvi yake huunguza mizizi. Usilifukie shina zaidi ya lilivyokuwa. Utie maji mara moja hadi yatoke chini, kisha uuache kivulini wiki mbili au tatu. Usiupe mbolea wala samadi mpaka uchipue majani mapya, kwa kuwa mizizi yenye vidonda haistahimili ukali wake.

Yako madawa katika maduka ya pembejeo za kilimo, kama yale yenye metalaksili. Lakini si kila dawa ya kuvu huwafaa vimelea hawa, wala hakuna inayofaa ikiwa maji bado yanatuama. Kwa mti wa matunda, soma kibandiko ujue ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma.

Kinga

Chungu kiwe na matundu chini yasiyozibwa. Wengi wetu tumezoea kutandika kokoto kitakoni tukidhani zinasaidia maji kutoka. Sivyo. Maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia katika kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae pomoni, hivyo kokoto hizo huinua tope na kulisogeza karibu na mizizi. Gae moja juu ya tundu, la kuzuia udongo usimwagike, latosha. Wala mche mdogo usipandwe katika chungu kikubwa mno, kwa sababu udongo usio na mizizi hubaki na maji siku nyingi.

Angalia pia chungu kilipokaa. Mti uliowekwa chini ya bomba la kutilia udhu hupokea maji mara tano kwa siku, na kila mwenye nyumba akitawadha huuongezea. Usogeze hatua chache pembeni. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei ambao mvua za Mombasa huzidi, weka vyungu mahali penye paa au uviinamishe kidogo, na uondoe visahani. Kaskazi ikirudi na jua lake, mti ule ule huenda ukahitaji maji kila siku. Hakuna ratiba moja ya mwaka mzima. Kila mara udongo ukauke kina cha vidole viwili kabla ya kuutia tena.

Mwisho, mti mmoja uwe na mtu mmoja. Katika nyumba ya watu wengi, mti huuawa kwa mapenzi: bibi humwagia, mkaza mwana humwagia, watoto nao hutaka kusaidia. Mpe mtoto mkubwa kijiti cha mshikaki na kazi ya kupima, na wengine waulize kwake kwanza.

Na ikiwa mizizi yote imekwisha oza, usingoje shina likauke. Kata vijiti vya shubiri moja kutoka matawi yaliyo hai ya mkomamanga au mtini, uvichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo. Kwa mndimu, toa mbegu za tunda lililoiva uzipande zingali mbichi. Miche mingi ya ndimu hutoka ikifanana na mama yake. Kungoja matunda kutachukua miaka, lakini mti ule wa mama utakuwa haujatoka nyumbani.