Ndege za Vita na Vichwa Vilivyozibeba

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako maelfu ya watu ambao siku yao ya mapumziko huitumia viwanjani, pamoja na wake na watoto wao, wakisikiliza injini za ndege zilizotengenezwa kabla babu zao hawajaoa. Mpenzi wa kweli wa mambo hayo hufumba macho na kukutajia aina ya ndege kwa mngurumo wake peke yake. Mwingine hulipa fedha nyingi apandishwe kwa robo saa tu, kisha kwa miaka ishirini husimulia harufu ya mafuta yaliyoungua, upepo uliomchapa usoni, na jinsi mbao na kamba za waya zilivyolia ndege ilipokata kona.

Mimi sioni ubaya katika mapenzi hayo. Apendaye chombo hukitunza, na kwa sababu yao ndege aina ya B.E.2c, chombo cha mbao na kitambaa cha mwanzo wa karne iliyopita, ingali inaonekana katika majumba ya makumbusho ya Uingereza na ya Ottawa, Kanada. Lakini ni wachache kati ya hao watazamaji wajuao kwamba ndege za aina hiyo zilipata kuruka katika anga letu, na kwamba habari zake zinawahusu watu wa Ifakara, Mahenge na Kariakoo kama zinavyowahusu wao.

Tuanze na maji. Mto Kilombero upitao karibu na Ifakara hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji mpaka baharini. Huko mwishoni, katika mikoko ya delta, ndiko ndege za vita za Waingereza zilikoanza kazi katika nchi hii. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata katika maji mafupi. Wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, jina lake Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya Curtiss yenye kutua majini, naye akairukia delta na kuiona manowari. Kabla ya mwaka kwisha Cutler alikuwa mateka wa Wajerumani.

Ndege za Sopwith zilizoletwa mapema mwaka 1915 zilishindwa na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, haimpi rubani wala injini yake nguvu ya kutosha, na ndege iliyopaa vizuri kule Uingereza ilibaki ikikimbia juu ya maji ya Rufiji kama bata mzito. Gundi ya rafadha ikaachia, mbao zikajikunja. Mwishowe kilitengenezwa kiwanja kisiwani Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold, wakiwa ndani ya ndege ya Henri Farman, waliielekeza mizinga ya meli ndogo Severn na Mersey. Injini yao ilipigwa risasi. Wakati ndege inashuka bila nguvu, Arnold aliendelea kutuma alama za simu ya upepo ili wapigaji warekebishe shabaha, mpaka ndege ikaanguka mtoni na kupinduka. Wote wawili waliokoka. Königsberg haikuondoka tena Rufiji.

Wajerumani nao walikuwa na ndege moja tu katika koloni zima, iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya maonyesho yaliyotazamiwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 1914. Vita vikaja kabla ya maonyesho, na ndege hiyo haikudumu.

Jambo moja la lugha linapendeza. Kiswahili hakikuhangaika kutafuta jina la chombo hiki kipya. Kilikitazama kikiruka, kikakiita ndege, basi. Na ukienda leo pale Kivukoni karibu na Ifakara ukauliza habari za ndege, huenda ukaonyeshwa ndege wa manyoya: yule mnana wa Kilombero ambaye wataalamu walimtambua kwa mara ya kwanza mwaka 1986, ingawa wavuvi walikuwa wakimwona siku zote.

Sasa tupande juu ya mto. Mwezi Januari 1916 Kikosi Namba 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni karibu na mpaka. Kilikuwa na ndege za B.E.2c na za Henri Farman. Vita viliposonga kusini, kikosi kilifuata nyuma ya majeshi, na baadaye baadhi ya ndege zake zilipelekwa upande wa Iringa. Mtu aliyeko Iringa, akielekea mashariki na kusini, ana safu ya Udzungwa mbele yake, ambayo vilele vyake hupita mita 2,500. Akiisha kuivuka, nchi huanguka ghafla chini yake, naye huliona bonde la Kilombero limelala tambarare, mto ukijipinda ndani yake, na ng'ambo ya pili milima ya Mahenge, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao na ghala la chakula chao.

Fikiri, msomaji, chombo kilichopewa kazi hiyo. B.E.2c ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na injini yenye nguvu za farasi 90. Ilikwenda kilomita 115 hivi kwa saa, yaani mwendo wa basi la leo likiwa na dereva asiye na subira. Mwangalizi alikaa mbele, rubani nyuma yake, wote wawili vichwa wazi katika upepo. Mvua ililegeza kitambaa, jua likakikausha mpaka kikapasuka. Injini ikizimika juu ya Udzungwa hapakuwa na pa kutua ila juu ya miti. Na bonde lenyewe, wakati wa masika, hugeuka bahari ya majani na maji, na masika ya mwaka 1917 yalikuwa makubwa kuliko ya kawaida. Mwangalizi mmoja wa kikosi hicho, Leo Walmsley, ambaye baadaye alikuwa mtunzi wa riwaya, alianguka na ndege mara kadhaa katika vita hivyo, akapona, na mwaka 1920 akatoa kitabu juu ya maisha yake ya urukaji katika Afrika ya Mashariki. Hiyo ndiyo bahati ya rubani na mwangalizi: walijua kuandika, na walikuwa na wachapishaji.

Walioisikia ndege hiyo kutoka chini hawakuandika. Waliokuwa watoto bondeni mwaka 1917 hawapo tena duniani. Yaliyobaki ni yale waliyowasimulia wajukuu wao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa ndege za kale. Wao humkumbuka rubani na injini. Lakini ndege hainywi maji ya mto. Petroli ya siku zile ilikuja ndani ya madebe ya galoni nne, mawili katika sanduku moja la mbao. Reli ilifika ilikofika, magari yakafika yalikofika, na barabara ilipokuwa tope mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Ukihesabu debe moja kuwa lita 18, sanduku moja ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja, na ndege moja iliyokaa hewani saa tatu ilikunywa mizigo ya watu kadhaa. Ongeza mabomu ya ratili ishirini, vipuri, mafuta ya injini, chakula cha marubani. Ongeza pia chakula cha wapagazi wenyewe, maana mtu atembeaye siku kumi kwenda na kumi kurudi hula njiani sehemu kubwa ya anachoweza kubeba, basi huhitajika mpagazi mwingine wa kumbebea mpagazi. Na kiwanja nacho kilifyekwa kwa mikono.

Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika ya Mashariki na za jirani, wengi wao kwa nguvu. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa, baridi ya milimani na njaa. Hesabu hiyo haiwatii ndani waliochukuliwa na Wajerumani wala na Wabelgiji. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo. Kila anayekwenda sokoni pale kununua dagaa hulitaja jeshi hilo bila kujua.

Tarehe 9 Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Mahenge. Wiki sita baadaye kikatokea kisa ambacho hata mtunzi wa hadithi asingethubutu kukibuni. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani L59, mfuko mkubwa wa hewa nyepesi wenye injini, iliondoka Jamboli katika Bulgaria ikiwa na tani 15 hivi za risasi na dawa za kumpelekea Jemadari Lettow-Vorbeck. Haikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kingekuwa mahema na nguo, ngozi iliyokuwa ndani yake ingekuwa viatu. Ilivuka bahari na jangwa hata ikapita usawa wa Khartoum, ndipo ikaitwa kwa simu ya upepo irudi. Ilikaa hewani saa 95 na kwenda kilomita 6,757 bila kutua mahali popote. Siku tatu baada ya kurejea kwake, Tafel, aliyekuwa ameongoza jeshi la Mahenge, alisalimu amri kusini kwa kukosa chakula.

Baada ya Vita vya Pili ndege za vita zilirudi kwa kazi ya amani. Kati ya mwaka 1946 na 1952 Kikosi Namba 82 cha Uingereza, kikitumia ndege za Lancaster zilizojengwa kwa ajili ya kutupa mabomu, kilipiga picha sehemu kubwa za Afrika kutoka juu ili zichorwe ramani. Vizuri. Lakini mnara unamsimamia nani?

Pale Posta, Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann ambayo wazee waliiita Bismini, lipo tangu mwaka 1927 sanamu la askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi chini yake, hawakuchongwa. Katika makaburi ya vita ya Iringa na Morogoro wazungu wana mawe yenye majina. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo, labda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza.

Majina hayo hayamo yote katika majalada ya London. Mengine yamo nyumbani kwako, ikiwa wazee wako walitoka Ifakara, Mahenge, Malinyi au Mlimba: babu wa babu aliyechukuliwa mwaka ule na hakurudi, jina lake alilorithi mjomba. Mwulize mama yako jioni ya leo jina hilo ni la nani, kisha liandike, pamoja na kijiji alikotoka.