Mipapai inatoa maua kibao, mapapai hakuna. Kwa nini?

Kila msimu hapa Kerege napigiwa simu ya namna hii: "Afisa, mipapai yangu ina maua mengi lakini haizai, nipige dawa gani?" Dawa hakuna. Hiyo ni mipapai dume, na ilikuwa dume tangu ikiwa mbegu. Habari za kupigilia msumari kwenye shina ili dume ligeuke jike, achaneni nazo.

Mahindi hayatusumbui hivi, maana kila mmea una mbelewele juu na magunzi yake ubavuni. Mpapai una jinsia 3: dume, jike, na ule wenye jinsia mbili ndani ya ua moja. Jinsia hiyo inaamuliwa na chembe za urithi, yaani jeni. Kila mbegu hupokea moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Tuziite D (dume), M (jinsia mbili) na j (jike). Jike ni jj, dume ni Dj, mwenye jinsia mbili ni Mj. Mbegu ikipata herufi kubwa mbili, mfano MM, inakufa ikiwa changa kabisa.

Sasa hapa ndipo hela inapopotea. Umekula papai tamu la mpapai jike uliochavushwa na dume la jirani, ukaanika mbegu. Watoto watakuwa nusu jj, nusu Dj. Ekari moja kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ina mashimo kama 640. Ukiweka mche mmoja mmoja, mashimo 320 hivi ni madume, na utayajua baada ya miezi 3 hadi 5 ya kumwagilia na kuweka samadi. Madume machache tu yanatosha kuchavusha majike yote.

Mbegu nzuri hutoka kwenye mpapai wa jinsia mbili uliojichavusha wenyewe. Mj kwa Mj: MM inakufa, zinabaki Mj mbili na jj moja. Dume hakuna hata moja! Ila usiliachie ua wazi, maana nondo wa usiku wanaleta chavua ya jirani. Lifunge kwa mfuko wa karatasi kabla halijachanua, tunda likishika utoe mfuko, uweke alama.

Na hata kama mama ni chotara wa dukani, ukubwa na utamu wa watoto wake utatofautiana mti kwa mti. Kwa biashara mimi bado nashauri kununua.

Kila shimo panda miche 3, uiachanishe kidogo. Ikitoa maua, chagua. Maua ya dume ni membamba, yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Ua la jike limekaa karibu na shina, limetuna chini, ndani halina stameni. La jinsia mbili ni refu kiasi, na ukilipasua unaona stameni za njano zimezunguka kitunda. Acha huo mmoja, mingine kata. Kwa mbegu ya Mj, shimo 1 kati ya 27 ndilo litakosa mwenye jinsia mbili, na hapo unaacha jike, litazaa mapapai ya mviringo. Mbegu ikiwa ghali weka miche 2, utakosa kwenye shimo 1 kati ya 9. Wanunuzi wengi wanapenda papai refu kwa sababu nyama yake ni nene na linapangika vizuri kwenye kreti.

Angalizo kwa sisi wa pwani: joto la Januari na Februari linaweza kuufanya mpapai wa jinsia mbili utoe maua yasiyoshika tunda, ukadhani ni dume. Angalia vikonyo. Kama ni vifupi, usikate, subiri hali ya hewa ipoe.